Utingo Chini ya Turubai

Lupingu, Jumatatu, 4 Agosti 1952

Ziwa limechafuka. Mtumbwini sikanyagi. Nimenunua kikapu cha usipa, dagaa wa huku, nikiwa nimesimama mbali na maji. Mwalimu wa dini kanipa habari: Jumamosi Wazungu watapitisha magari yao ya kikale, ya enzi za Mjerumani, kutoka Njombe hadi Makambako. Watu watajipanga barabarani kuyatazama. Makambako! Kwao Hulda! Na Jumapili baba yake, Mzee Danieli, anatoa jibu: binti ni wangu au ni wa Nahumu. Nahumu ana baiskeli, na kengele yake haimpi mtu usingizi. Mimi nimepeleka jembe la posa, basi. Lakini wakiniona ndani ya motokaa? Nahumu kwisha! Tatizo moja tu: naogopa magari kuliko chui.

Njombe, Ijumaa, 8 Agosti

Miguu imevimba. Baridi inakata masikio. Lakini gari nimepata! La Mzungu mkulima tunayemwita Bwana Miwani. Kaniuliza kama naijua kazi ya utingo. Nikamjibu nimezaliwa garini. Mungu anisamehe. Kazi yenyewe ni kukaa nyuma na kabari, gogo lililochongwa. Gari likichoka mlimani, naruka na kulitia nyuma ya gurudumu. Nikauliza, na breki je? Akasema zimeagizwa.

Makambako, Jumamosi, 9 Agosti

Niko hai.

Asubuhi magari yalipangwa foleni, mengine ya mbao, taa za shaba zinang'aa. Vigelegele! Nilipunga mkono mmoja. Wa pili ulishika ubao wa gari, ukakataa kuachia. Kilima cha kwanza nilifumba macho, tukapita. Nikaanza kujiona mtu.

Kisha Bwana Miwani akasimama kumpa lifti mama mmoja mwenye gunia la viazi. Akamkalisha mbele. Nikachungulia. Mama yangu! Mama yake Hulda! Jina lake hata humu siliandiki. Kwetu, ukishapeleka jembe la posa, huonani na mama mkwe uso kwa uso. Ukikutana naye njiani, unaingia porini. Sasa porini nitaingiaje, gari linakwenda? Nikajifunika turubai gubigubi.

Kilima cha pili. Injini ikakohoa, ikazima. Tukaanza kurudi nyuma. Na nyuma yetu korongo! Bwana Miwani akapiga kelele: kabari! Kabari ninayo, nimeikumbatia. Nikitoka, naonana na mkwe, Hulda kwaheri. Nisipotoka, dunia kwaheri. Nikamwomba Mungu achague Yeye. Turubai sikufunua.

Aliyeruka ni mama mkwe. Akasukumia gunia lake chini ya gurudumu, viazi vikapondeka, gari likasimama. Ndipo akauliza kwa ukali ni mzigo gani huu unaotetemeka. Akafunua. Nikatumbukiza uso kikapuni mwa usipa, nikaruka nacho mpaka vichakani. Nimemaliza safari kwa miguu. Nanuka. Naambiwa gari liliingia Makambako mama mkwe akiwa nyuma, kabari mapajani, watu wanamshangilia. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko. Leo kimekuja chote.

Makambako, Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada Mzee Danieli akaniita. Akasema mkewe hakuniona uso. Alinijua kwa kiraka cha suruali, maana alikishona Hulda. Nikajua nimekwisha. Kumbe! Jana hiyo hiyo Nahumu alimsimamisha mama mkwe barabarani, akampa mkono peupe, akapiga na kengele! Hana adabu, kafukuzwa. Mimi, mama mkwe kasema, adabu ninayo mpaka imepitiliza. Akili nitaazimwa na Hulda. Nimepewa binti! Sharti moja: nisikanyage gari tena, na harusi iende kwa miguu. Nimeapa mbele ya mchungaji.

Jioni. Natoka kwa Bwana Miwani. Amekubali kutuazima gari siku ya harusi, mradi yule mama awepo. Nahumu na atazame! Breki hazijafika, ila nimeshapanga. Mimi na Hulda mbele, macho barabarani, adabu haivunjwi. Nyuma atakaa mama mkwe na kabari. Ana uzoefu.