Pingamizi Linalonukia Karanga

Jumatatu, 3 Machi

Kichwa changu kikipigwa mnada, serikali itakopa ili ikinunue. Sijisifu. Naandika tu kilichopo. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walishaanza kuniogopa.

Leo barua imefika kwa shangazi. Shangazi ndiye aliyenilea, na anakodisha viti na mahema. Viti mia tatu vya bluu, mahema manne. Barua inasema mkaguzi wa kodi atakuja Alhamisi kuangalia hesabu za mwaka mzima. Shangazi aliisoma akiwa amesimama, akaimaliza akiwa amekaa. Akasema tumtafute mshauri wa kodi, yule mama wa ghorofani juu ya fundi viatu, anayebeba faili kwapani hata akienda kununua nyanya. Mtaani tunamwita Bibi Faili.

Nilishtuka. Pesa zimwendee mtu baki, na damu yake mwenyewe imekaa hapa haina kazi? Nikamkumbusha kwamba nina uzoefu. Niliwahi kukaa siku mbili kwenye foleni ya ofisi ya kodi nikimshikia mtu nafasi. Mambo niliyoyasikia kwenye foleni ile hayafundishwi chuoni.

Shangazi alinitazama mpaka nikajikuna. Akasema haya mwanangu, ila nijue viti hivi ndivyo vinavyotulisha. Vikienda, na sisi tumekwenda.

Nimeshaanza kujiita Mkurugenzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimefikiri nikiwa nimelala chali, ndivyo akili inavyoshuka vizuri. Mkaguzi anakagua nini? Karatasi. Asipokuta karatasi? Atakagua hewa!

Kwenye sanduku la shangazi kulikuwa na vitabu vyake vya stakabadhi. Kila kiti kilichotoka, kila kilichorudi, kila gari la kubebea, kila kiraka cha hema. Mwandiko mdogo kama wa sisimizi. Ushahidi mtupu! Kilo tisa. Najua ni tisa kwa sababu muuza karanga wa pale kona alizipima mbele yangu. Yeye hununua karatasi za kufungia karanga.

Kwa malipo yale nimenunua tai nyekundu.

Jioni shangazi akauliza mbona sanduku limekuwa jepesi. Nikamjibu nyaraka nimezihifadhi kitaalamu. Hakuuliza zaidi. Anaanza kuniheshimu.

Jumatano, 5 Machi

Hatua ya pili: viti. Vikionekana vichache, na kodi inakuwa chache. Nimezungusha viti mia mbili na sitini kwa majirani, nyumba kwa nyumba, mkokoteni umevunjika mara mbili. Maagizo yangu yalikuwa mafupi: viti vikae ndani, midomo ikae kimya. Wote waliapa. Mama wa nyumba ya mkabala aliapa kwa mama yake mzazi, ambaye alikuwa amekaa hapo hapo, kwenye kiti chetu.

Uani vimebaki arobaini. Biashara inatia huruma kabisa. Mimi mwenyewe nilitaka kumchangia shangazi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Si kosa langu.

Mkaguzi ni kijana mpole, mwenye miwani na kibegi kidogo. Nilimpokea na tai. Nikajitambulisha kuwa mwakilishi wa mlipakodi. Akaniomba namba ya usajili. Nikampa ya simu.

Sasa, majirani hawajawahi kuona mtu akikaguliwa. Kabla mgeni hajafungua kibegi, wakaanza kutoka. Kila mmoja na kiti chake. Yaani, kiti chetu! Wakapanga safu, safu, safu, mpaka kwenye mfereji, watoto mbele wakubwa nyuma. Mgongoni mwa kila kiti jina la biashara ya shangazi limeandikwa kwa rangi nyeupe. Nilikonyeza mpaka jicho likauma. Mama wa mkabala akapaza sauti, akamuuliza shangazi huyu mtoto wako jicho limeingiwa na nini.

Mkaguzi alihesabu akiwa ameketi. Hata jasho halikumtoka. Akapata mia tatu na viwili. Hivyo viwili vya ziada shangazi alikuwa akivitafuta tangu mwaka juzi.

Kisha akaomba vitabu. Nikasema vimeliwa na mchwa. Akaomba aonyeshwe mchwa. Nikasema wamehama. Akaandika neno hilo polepole, akalipigia mstari.

Alipoondoka alipitia pale kona akanunua karanga. Nikajiambia, mtu mwenye hasira hanunui karanga. Ishara njema.

Ijumaa, 14 Machi

Hati ya makadirio imefika. Kwa kuwa hawakuona kitabu chochote, wamekadiria wenyewe. Wamehesabu kwamba kila kiti na kila hema vilikodishwa kila siku, Januari mpaka Desemba, na siku za mvua zimo. Deni lenyewe ukiuza viti vyote, mahema yote, na mimi na shangazi tukapakiwa juu ya gari kama nyongeza, halitimii.

Tuna siku thelathini za kuweka pingamizi. Zikipita, deni linasimama kama lilivyo, na wanakuja kubeba vitu.

Shangazi hakula. Nilikula sahani zake zote mbili ili zisiharibike, nikamwambia asihangaike, pingamizi ndiyo taaluma yangu hasa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeandika pingamizi. Kurasa tatu! Nilianza na salamu, nikaulizia afya ya mkuu wa ofisi na watoto. Nikaeleza ujane wa shangazi, magoti yake, na jinsi anavyopenda nchi. Mwisho nikawakumbusha kwamba kuna siku ya kiama. Nikapiga muhuri niliouchonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili. Ulitoka vizuri, ila maandishi yamesomeka kinyumenyume.

Karani wa dirisha namba nne aliisoma barua yote. Akawaita wenzake. Nao wakaisoma. Mmoja alilazimika kukaa chini, wakamfuta machozi. Nikajua imewagusa.

Halafu akanirudishia. Akasema pingamizi lazima liseme ni kiasi gani kinapingwa, kwa sababu gani, na kwa vielelezo gani. Bila vielelezo, akasema, kaka hizi ni salamu. Akaomba abaki na nakala moja, ya kuwasomea nyumbani.

Shangazi nimemwambia kesi inakwenda vizuri, ofisi nzima inaizungumzia.

Jumanne, 8 Aprili

USALITI.

Zimebaki siku tatu za kazi, na shangazi amekwenda kwa Bibi Faili nyuma ya mgongo wangu! Mimi nimeitwa baadaye, kama mtuhumiwa. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, meza, feni inayolia kama mbuzi, na mafaili yamepanda ukutani mpaka yameziba nusu ya dirisha. Sikuona cha kutisha.

Akauliza vitabu viko wapi. Nikaanza habari za mchwa. Akasema yeye yuko kwenye kazi hii mwaka wa ishirini na mbili, na hajawahi kukutana na mchwa anayekula mwaka mmoja akabakiza sanduku.

Nikasema ukweli. Yaani ulinitoka.

Feni ikalia. Nilitegemea shangazi atanirukia. Hakunirukia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kama niliuza vyote. Nikasema vyote. Akauliza kwa shilingi ngapi. Hapo nikaanza kumwangalia fundi viatu kupitia dirishani.

Bibi Faili hakupoteza muda kunisema. Akachora mistari kwenye karatasi akitueleza kama watoto: wamekadiria kwa sababu hawakuona stakabadhi. Kila mwezi tutakaouthibitisha kwa stakabadhi zenyewe, makadirio ya mwezi huo yanaanguka. Mwezi tutakaoukosa unabaki ulivyo. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa, saa tisa na nusu.

Kisha akanigeukia. Akasema Mkurugenzi, nenda kanunue karanga.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekula karanga tangu saa moja asubuhi. Taya zinauma.

Muuza karanga alikuwa amewagawia wenzake wanne zile karatasi. Mmoja yuko stendi, mmoja hospitali, mmoja getini kwa shule, mmoja hana kituo, anatembea! Na hawauzi karatasi tupu. Wanasema wao ni wauza karanga, karatasi ni heshima tu kwa mteja. Basi nikanunua kifuko kimoja kimoja, nafungua, nasoma tarehe, nakula, naweka mfukoni.

Kufikia saa sita walishanishtukia. Wakapanga bei upya. Kifuko cha gazeti bei ya zamani. Kifuko chenye mwandiko wa shangazi, mara tatu. Chenye tarehe inayosomeka, tuzungumze. Nikawaambia huo ni wizi. Yule wa stendi akanijibu, kaka, hapo ndipo tulipomkadiria mteja.

Tai nimeibadilisha kwa vifuko kumi na vinane vya mwezi wa Mei.

Alhamisi, 10 Aprili

Shangazi ametoa viti kumi na viwili uani, kila mwezi umepewa kiti chake. Mimi nafungua vifuko, yeye anapiga pasi, Bibi Faili anapanga. Ua mzima unanukia karanga, kuku wa majirani wamekuja wote.

Shangazi anazijua karatasi zake kama watu. Hii ni harusi ya mwalimu, viti mia, vilirudi tisini na nane. Hii ni mahafali. Hii ni msiba, hakuwatoza. Aliikunjua hiyo akaipiga pasi mara mbili.

Kufikia magharibi viti kumi na kimoja vilikuwa vimejaa. Cha Novemba kilikuwa kitupu. Novemba mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo, shughuli zikavunjika, na shangazi aliwarudishia watu pesa zao karibu zote. Kwa hiyo mwezi aliopata hasara ndio makadirio yao yanamuumiza zaidi, na ndio hatuna.

Nikarudi barabarani. Nimekula mpaka tumbo limekuwa ngoma. Nimepata gazeti, gazeti, daftari la hesabu la mtoto fulani (kakosa nane kati ya kumi, maskini), gazeti. Novemba hakuna.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumefika dirishani saa tisa na dakika kumi. Karani yule yule. Alinisalimia kwa furaha, akauliza kama leo nimeleta sehemu ya pili. Bibi Faili akaweka faili mezani. Karani akagonga muhuri, muhuri ukateleza kwa mafuta. Akagonga tena, ukateleza. Mara ya tatu ukashika. Pingamizi limepokelewa!

Tukaitwa ndani kwa mkaguzi. Akainua stakabadhi ya Januari, akainusa. Akatazama mlango. Akaendelea. Bibi Faili alizungumza kwa upole dakika kama kumi, na katika yote hayo mimi nilielewa "na" na "kwa hiyo". Lakini nilitikisa kichwa pale palipostahili.

Wakafika Novemba. Mkaguzi akakohoa. Akavua miwani akaifuta. Akasema, na masikio yake yakawa mekundu, kwamba Novemba anaikumbuka. Siku ile ya ukaguzi alinunua karanga pale kona, na kifuko chake kilikuwa na maandishi. Yeye hawezi kuona maandishi asisome. Marejesho ya malipo, sababu mvua, mistari kama kumi na tano, jumla kwa chini. Hata jumla anaikumbuka. Alimaliza karanga, akatupa karatasi.



Bibi Faili akamwomba ayaandike hayo na kutia sahihi. Akasema hapana. Akasema yeye hapa ni mkaguzi, si shahidi. Na akasema pole, mama. Alimaanisha, lakini pole haina muhuri.

Jumatatu, 28 Aprili

Uamuzi umetoka. Tumeshinda! Nasema tumeshinda kwa sababu nilikuwepo. Miezi kumi na mmoja imekubaliwa, deni limeporomoka. Novemba imebaki kama walivyoikadiria, nzima. Bibi Faili amekaa nao, akawabana, wakakubali theluthi ilipwe sasa na iliyobaki kwa awamu sita. Viti vyote viko uani, mia tatu na viwili. Hakuna aliyekuja kubeba kitu.

Sifa zimeenea. Leo mchana kinyozi wa barabara ya pili amenijia mbio, naye ameletewa barua ya ukaguzi. Nimemwambia atulie, amefika kwenye mikono yenyewe, na Bibi Faili asimsogelee, yule mama gharama zake zitamnyoa yeye. Gunia lake la karatasi nimeshalichukua. Na safari hii sipeleki kwa muuza karanga, mimi si mjinga. Nimepata duka la vifaa vya ujenzi, mbali, wanafungia misumari. Misumari haina mafuta.

Kuna jambo moja. Naliandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Ile theluthi ya kwanza na malipo ya Bibi Faili, shangazi hakuwa nayo. Asubuhi gari lilikuja, akauza hema kubwa. Ndilo la kwanza kulinunua, mwaka aliofiwa na mume, kabla hajawa na kiti hata kimoja. Hema lile likikunjwa linahitaji watu wanne, mmoja kila pembe. Nikaenda nikashika pembe yangu. Shangazi akaja akaitoa mkononi mwangu, bila hasira, akampa dereva.

Nilisimama pembeni mpaka wakamaliza. Novemba niliiuza mimi.