Makopo Yenye Mkia

Jumatatu, tarehe 4
Leo kocha wa mazoezi kanitaka nichague: uzito mkubwa mara chache, au uzito mdogo mara nyingi. Winchi, yule aliyeoa dada wa mke wangu, alishachagua mkubwa. Kilo arobaini, mara tano, huku akipiga mluzi. Mimi nikachagua mdogo. Nikawaeleza wote kwamba uzito mkubwa ni wa watu wasiopenda kufikiri. Kocha akanipangia kilo ishirini, mara thelathini. Nikafika mara nane, nikaomba maji.
Nyumbani nikamwambia mke wangu kuwa nanyanyua arobaini. Ilinitoka tu.

Jumanne, tarehe 5
Kamwambia mama yake. Mdomo ule! Sasa mama mkwe anakuja Jumamosi kututazama. Chumba chake cha mbele, kinachotazama barabara, anataka kumpa mkwe mmoja awe na karakana. Ila ndani mna kabati kubwa la mbao, na mwenye nguvu za kulitoa ndiye atakayeingia. Winchi anatengeneza baiskeli uani kwake, hana shida. Mimi naandika mabango barazani, na vumbi linaganda kwenye kila herufi. Juzi kuku kapita juu ya neno "Karibu". Chumba kile nakitaka mpaka nakiota.

Jumatano, tarehe 6
Bahati imenidondokea! Vyuma vyetu ni fito zenye kopo la saruji kila upande. Makopo yote yanafanana, na yamezibwa juu. Ya kilo ishirini yamejaa, ya kumi yamejaa nusu, na namba tu ndizo zinazoyatofautisha. Namba zimefutika. Kocha akaniomba niziandike upya. Nikaziandika kwa uaminifu mkubwa, isipokuwa jozi moja ya kumi, niliyoiandika ishirini. Ili niitambue, sifuri zake nikazitia kijimkia. Jamani, nina akili.

Alhamisi, tarehe 7
Kocha kaviona vijimkia. Akasema tangu azaliwe hajaona sifuri nzuri kama zile, nitie mkia zote. Nikayeyuka. Nikatia zote, nyingine nikazipinda kwa mbwembwe. Nilikuwa naosha brashi ndipo nikagutuka. Jozi yangu iko wapi? Tena kocha kapiga marufuku mtu yeyote kugusa hadi Jumamosi, rangi ikauke.

Jumamosi, tarehe 9
Aibu!
Fito tatu za arobaini zilipangwa sakafuni. Mama mkwe alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Nikachagua ya kati. Haikutikisika. Nikavuta tena. Kilichopanda ni sauti yangu tu. Winchi akachukua ya kushoto, akainyanyua mara tano, akaitazama kwa mshangao, akaendelea mpaka thelathini. Makofi! Kocha akatangaza kuwa ubishi umekwisha, kumbe mtu anaweza uzito mkubwa na mara nyingi kwa pamoja. Kusema ukweli kungekuwa kujianika mwenyewe. Nikapiga makofi na wenzangu.
Mama mkwe akanisogelea, akauliza polepole, "Mkwe wangu, ile arobaini uliyokuwa unanyanyua, ilikuwa arobaini ya nini?"
Swali lile liliniuma kuliko kiuno, na kiuno kinauma kwelikweli.

Jumapili, tarehe 10
Winchi na kocha wamelitoa kabati. Mimi nilipewa vilivyokuwemo: mashuka, sufuria, viatu vya marehemu baba mkwe. Uzito mdogo, safari thelathini na moja. Mama mkwe alisema angalau huku najiweza. Nilifurahi, kisha nikachukia kwamba nimefurahi.
Halafu Winchi, bila haya, kaniomba bango la karakana yake. Nikakubali haraka mno. Nitachora mshale, na mshale utaelekea barazani kwangu! Wenye baiskeli wote watakuja kwangu, na mwenye baiskeli naye huenda akahitaji bango.
Jioni kapita kuutazama. Hakugundua kitu. Kasema mshale umependeza mno, nimchoree mingine mitatu, mmoja kwa kila upande wa karakana, yote ielekee mlangoni kwake, na huu wa kwanza niugeuze ufanane na wenzake. Nikayeyuka. Nimeshamaliza yote minne, na kila mmoja nimeutia mkia.