Daktari wa Mabati na Magodoro Manne

Haya nilisimuliwa na mkaza mwanangu, yule mtunza ghala, Jumapili ya pili baada ya ule upepo ulioezua nusu ya mtaa. Tulikuwa tunakunja nguo, naye alicheka mpaka ikabidi shuka zikunjwe upya. Kwa hiyo nikikosea mahali, mlaumuni yeye.

Upepo ulikuja alfajiri na mvua yake. Kulipokucha, maghala yote ya barabara ile yalikuwa yanavuja kama chujio, na wenye mali wamesimama nje, mikono kichwani. Watu waliona msiba. Daktari wa Mabati aliona mavuno.

Daktari huyu hakusomea udaktari, wala mabati hakuyasomea. Chuo chake kilikuwa ulimi. Alivaa kofia ngumu ya njano, kamba ya mapambo begani, ndoo nyeusi mkononi, na nyuma yake msukuma mkokoteni aliyemkodi kwa ahadi. Alipofika ghala la magodoro alimkuta mwenye ghala, ambaye wote humwita Tajiri, akiwafukuza mafundi wawili wa kweli. Walikuwa wamemwambia kazi ni ya siku tatu. Daktari akatabasamu. Mgonjwa anayekataa dawa kwa sababu ni ghali, huyo ndiye mgonjwa wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umeleta habari za siku tatu, pita hivyo hivyo."

"Siku tatu? Hao wanajenga au wanazaa? Mimi ni huduma ya dharura, mzee wangu. Nusu saa tu."

"Nusu saa!"

"Nikizidisha, ujue niko kwenye ngazi nashuka."

Tajiri akampenda pale pale. "Lakini pesa mkononi sina," akasema, maana pesa ikimtoka huumwa tumbo. "Nitakupa magodoro. Manne, sita kwa sita."

Tajiri aliitaja bei hiyo upesi mno. Mtu anayehesabu njiti za kiberiti, leo anatoa magodoro manne bila kuguna! Mwingine angejiuliza. Lakini mwizi akikuta mlango wazi haulizi nani kaufungua. Tajiri akaingia stoo ya nyuma peke yake, akayafunga kwa nailoni mpya, akayatoa yanang'aa kama bibi harusi.

"Mbona mazito hivi?" akanung'unika msukuma mkokoteni, mishipa ya shingo imemsimama.

"Godoro jepesi ni la hospitali," akajibu Tajiri. "Hiyo ni mali."

Mkaza mwanangu alikuwa hapo, mgongo unamuuma. Tangu asubuhi alikuwa anaburuta magodoro kuyapeleka upande mkavu. Tajiri alishamwambia: "Mvua ikirudi, godoro moja tu likilowa humu ndani, na wewe tafuta pengine pa kufanyia kazi." Utadhani ni yeye aliyetoboa bati kwa kidole. Na wingu, upande wa juu, lilikuwa limeanza tena kuvimba.

"Dada, hebu nishikie ndoo nipande," akasema Daktari. "Angalia isikumwagikie. Hiyo ni lami ya ng'ambo, haitoki ila kwa mafuta ya taa."

Hapo ndipo alipokosea. Ukitaka kudanganya, usimpe ndoo yako mwanamke aliyesugua masufuria tangu ana miaka saba. Tone lilimwangukia mkononi, akalifuta kwa kanga yenye unyevu, likatoka lote. Akanusa. Masizi na maji, na kijiko cha mafuta ya kula ili ing'ae.

Akampandishia ndoo yake.

Daktari akapaka huku anapiga mluzi. Alipomaliza akamsimamisha Tajiri ndani, chini ya doa kubwa la maji, kisha yeye juu akamwaga ndoo nzima ya maji sawa na lile doa. Halikudondoka hata tone! Tajiri akapiga makofi. Ukweli ni kwamba maji ya paa ni msafiri: huingia huku juu, yakatambaa chini ya bati, yakadondokea kule mbali. Juu ya doa lenyewe bati huwa zima kabisa. Daktari alilijua hilo vizuri. Ndilo somo pekee la ufundi alilojisumbua kujifunza.

Tajiri akaenda ofisini kupumzisha moyo. Mkaza mwanangu akawaza. Akipiga kelele, Daktari atakimbia, paa litabaki ungo, mvua itakuja, na kazi itakwenda na maji. Alihitaji fundi. Fundi aliyekuwepo alikuwa wa bandia, lakini alikuwa na mikono miwili na tayari yuko juu.

Akachukua ngazi.

"Dada! Ngazi iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Ninayo mimi. Na magodoro yako nimeyashusha mkokotenini, nimeyapanga ndani, chini ya pale panapovuja zaidi. Si umesema hapavuji?"

Ngurumo ikapita.

"Dada yangu, tuzungumze kama watu wazima."

"Zungumza. Wingu hilo nalo linakuja kusikiliza."

"Unataka nini?"

"Teremsha hiyo kamba yako, leo ifanye kazi."

Akamfungia kopo la lami ya kweli, vipande vya turubai na brashi. Vitu hivyo vilikaa stoo tangu ghala linajengwa, kwa sababu Tajiri alinunua dawa akakataa kumlipa wa kuipaka.

"Lakini mimi sijui kupaka!" Daktari akakiri, labda neno lake la kwanza la kweli mwaka ule.

"Najua hujui. Wewe fuata njiti."

Akafunga milango ya ghala. Gizani kila tundu likawaka kama nyota. Akasimamisha ngazi ndani, akafungua fagio la chelewa, akaanza kuchomeka njiti moja moja kwenye kila tundu, kutokea chini. Daktari huko juu akaona bati linaota nywele.

"Ziko ngapi, dada?"

"Paka tu. Zikiisha utajua."

Akapaka. Akatambaa kwa magoti, akabandika turubai, akapaka tena. Suruali ikachanika, vidole vikagandana, mluzi ukakatika. Kila akitaka kupumzika, anasikia kutoka chini: "Magodoro, Daktari! Sita kwa sita!" Basi anainuka kama aliyechomwa sindano. Alibandika kipande cha mwisho mvua ikamshukia mgongoni. Ile lami ya ng'ambo ikateremka yote kwenye mfereji, nyeusi tii, ikaaga.

"Dada! Magodoro yangu yamelowa?"

"Yako vile vile ulivyokabidhiwa!"

Na hakusema uongo.

Mvua ilipokatika alimrudishia ngazi. Daktari akashuka, mweusi kuanzia kofia mpaka viatu. Tajiri akatoka, akatazama sakafu kavu. "Nilikuambia, fundi hujulikana kwa sura!" akamwambia mkaza mwanangu, akarudi kwenye kiti chake anacheka peke yake, na punde akawa anakoroma. Msukuma mkokoteni alishakwenda zake na mkokoteni wake mvua ilipoanza. Ahadi haimzuii mtu kulowa.

Daktari hakuwa na nguvu hata ya kubeba kofia. Akajitupa juu ya magodoro yake ashushe pumzi. Nailoni ikapasuka pembeni. Maji ya ile mvua ya alfajiri, yaliyokuwa yametulia mle ndani, yakatoka taratibu yakamzunguka kiuno.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "hili linavuja."

"La kuvuja hilo mwulize Tajiri, Daktari. Mimi na wewe tulikuwa na la paa."

Akatazama juu. Kavu. Ghala zima hapakuwa na mtu aliyelowa ila yeye, chini ya paa la kwanza alilowahi kuliziba kweli. Alitaka kuinuka akadai haki yake. Akafikiria ni nani atakayemsikiliza, akafikiria na ule uzito wa magoti yake. Akavuta kofia ya njano usoni, akageukia upande ambao haukuwa umelowa sana, akalala.