Madaftari ya Mwanaheri Yachomwe Moto

Mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu.
Siku ya nne ya mvua isiyokatika.

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Bwana Hezron,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni jirani yako, Mwalimu mstaafu Asajile, ambaye kwa miaka ishirini nimewasomea marehemu wa mtaa huu wasifu wao, tena kwa sauti ya kutosha. Naandika kwa uchungu kuhusu mama Mwanaheri, muuza vitenge. Kama ujuavyo, ana madaftari tisa ya kaunta buku ambamo hubandika kila karatasi inayopita mjini: kadi za harusi, ratiba za mazishi, vipeperushi vya kampeni, picha za watu. Yeye anayaita kumbukumbu. Mimi nayaita uchokozi, kwa sababu hizi:

1. Jirani yetu Veronika alipata mchumba kutoka Mbeya, na kwa busara zake akamwambia ana miaka thelathini. Mchumba akaenda kumnunulia mama mkwe kitenge, akapekua daftari akisubiri chenji, akakuta kadi ya kipaimara ya Veronika ya mwaka 1993. Kwa hesabu alizopewa, binti alipata kipaimara kabla hajazaliwa. Hakusubiri hata chenji.

2. Wewe mwenyewe. Kipeperushi chako cha kuahidi mtaro kimebandikwa vizuri kabisa, na chini yake kila masika huongezwa picha ya mahali ulipoahidi. Sasa ziko sita. Bata wanaoogelea hapo wanazidi kunenepa.

3. Msiba wa mzee Yona. Nilisoma kwamba marehemu hakuwahi kugombana na mtu, na watu walikuwa wanalia vizuri. Kesho yake vijana wakakuta dukani barua ya wito wa kesi ya mgomba wa mpakani: mzee Yona, panga, na mashahidi kumi na mmoja. Tangu hapo nikisimama msibani na karatasi yangu, watu wanatazamana.

4. Mparachichi wa shuleni, ambao kwa miaka thelathini nimewaambia wanafunzi kwamba niliupanda kwa mikono yangu. Mwanaheri anayo picha yake. Mti una kivuli cha kutosha darasa zima, na juu ya tawi amekaa mtoto wa darasa la pili mwenye kaptula iliyochanika. Ni mimi. Nilimfuata nikamtaka aung'oe ukurasa huo. Akanikaribisha kiti, akasema yeye habishani na mtu, anabandika tu.

5. Na hili ndilo baya kuliko yote: madaftari yake hayaozi. Anabandika kwa uji wa ngano, kisha anayahifadhi darini juu ya jiko, penye moshi. Sisi wengine ukungu umetumalizia kila kitu. Kwangu paa lilivuja, albamu ya familia ikagandana yote, tukaitupa. Kwa hiyo hakuna mwenye picha ya kumpinga. Mji mzima umebaki na ukweli wa mwanamke mmoja.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, sikatai, lakini hakuna palipoandikwa kwamba lazima abandike. Naomba basi madaftari yote tisa yakamatwe. Kamati ya watu wenye heshima zao, yaani wewe, mimi na Veronika, iandike historia ya mtaa upya. Kisha yachomwe hadharani siku isiyo na mvua, ikipatikana.

Nisalimie mama Hellen, watoto, na bata wa mtaroni.

Wako katika kulinda heshima za watu wazima,
Mwl. Asajile

N.B. Daftari la saba lisichomwe. Katikati kuna picha ya kwaya ya watoto. Wa tatu kutoka kushoto, aliyefumba macho, ni Lightness wangu, aliyetutoka mwaka uliofuata. Nyumbani hatuna nyingine. Mama yake huenda dukani kila Alhamisi akijifanya anauliza bei ya vitenge. Mimi huenda Jumatatu, na sijui kama yeye anajua. Mwanaheri hutufungulia ukurasa bila kuulizwa, halafu anajishughulisha na kukunja vitambaa. La nane nalo liacheni, maana sina hakika nimelipekua lote. Na hayo mengine pia, kwa sababu hiyohiyo.

Barua hii ichane ukishaisoma. Akiipata, ataibandika.