Mama Mwenye Hofu wa Ukurasa wa Saba

Jumatatu, 3 Machi

Ukurasa una tundu. Tena! Saa nane mchana na "Barua za Wasomaji" ina barua mbili tu. Moja ya mwalimu mstaafu anayelalamikia nukta na mkato katika gazeti letu (ana haki). Nyingine ya mtu aliyepoteza mwavuli, anadhani sisi ndio tunaotunza vitu vilivyookotwa. Imebaki nafasi ya maneno mia mbili.

Miaka tisa nahariri ukurasa wa saba. Miaka tisa! Mwenye Tai, aliyeajiriwa juzi, anaandika ukurasa wa kwanza na amepewa meza ya dirishani. Hufunga tai hata joto likiwa la kuoka mtu. Leo kapita kwenye kona yangu, kaniuliza kama wasomaji wangu hawajambo, wote wawili. Muungwana hujibu kwa vitendo.

Nimeziba tundu kwa njia yangu ya siku zote: nikikosa msomaji, natunga mmoja. Nimeshakuwa dereva mstaafu, mchumba aliyeachwa na mpenda ndege. Leo nimekuwa mwanamke, Mama Mwenye Hofu, mzazi. Anawalalamikia waokota chupa wanaofanya kazi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya shule ya msingi.

Kisa chenyewe nimekipata kwa shangazi, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu nina miaka sita. Yeye ni mmoja wa wale waokota chupa kumi na wawili. Jana tukila alinisimulia huku akicheka mpaka machozi. Mtoto alikuja kibandani kuomba vizibo vya kuhesabia darasani. Shangazi akatoka, vizibo mkono mmoja, mkono wa pili ile kulabu yake ya kuburutia magunia. Mtoto kuona chuma, mbio! Akaacha mkebe wa chakula chini. Shangazi akaupeleka shuleni, akamkabidhi mwalimu pamoja na vizibo.

Mama Mwenye Hofu ameandika hivi: mtu mwenye kulabu ya chuma, mtoto akikimbia, chakula chake kikabaki mikononi mwa watu tusiowajua. Sijadanganya. Kulabu ilikuwepo, mtoto alikimbia. Vizibo nimeviacha tu, vingekula mistari minne.

Shangazi hatadhurika. Ukurasa wa saba nani anausoma? Mke wangu huufungia viatu.

Jumatano, 5 Machi

Barua thelathini na moja! Kwa siku moja! Simu ya mapokezi haijatulia tangu asubuhi. Nimezisoma zote kwa mpigo, chai ikapoa.

Wasomaji wanane wameiona kulabu kwa macho yao. Watatu wamepoteza mikebe ya chakula papo hapo, mmoja tangu mwaka juzi. Mzee mmoja anasema kulabu ilikuwa na damu. Amemalizia kwa kuandika, tena kwa herufi kubwa, LISEMWALO LIPO, KAMA HALIPO LAJA. Nilisoma barua hiyo mara mbili, nikajikuta nami nauona ule wekundu kwenye chuma. Mimi! Niliyeiandika barua ya kwanza!

Mhariri mkuu wa gazeti kaniita ofisini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue huyu mama, kaniambia nikae. Kasema barua ile imegusa watu, kauliza kama namfahamu mwandishi wake. Nikasema tuko karibu sana. Kasema habari inahamia ukurasa wa kwanza, na jina langu juu yake.

Mpiga picha katumwa kibandani, karudi na picha nzuri. Shangazi kashika kulabu, anacheka. Pembeni yake mwalimu wa shule, kakumbatia madaftari, naye anacheka. Mhariri kasema mwalimu anamchanganya msomaji, akatwe. Nikasema mwalimu ndiye habari yenyewe. Nilisema kwa sauti ndogo. Ndogo sana. Hakuna aliyesikia, na mimi sikurudia.

Mwalimu alipoondolewa, kicheko cha shangazi kimekuwa kama mtu anayefoka. Sijui imekuwaje. Mdomo ni uleule.

Alhamisi, 6 Machi

KULABU NYUMA YA SHULE! Jina langu chini yake, herufi nene. Meza ya dirishani nimepewa mchana. Mwenye Tai kahamisha vitu vyake, tai imemkaa upande. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi. Nilifurahi.

Jioni nimerudi kwa miguu ili nionekane. Kinyozi wetu kanipungia gazeti kutoka mlangoni, akanipongeza kwa ushujaa. Kasema watu wale alikuwa akiwaogopa siku zote. Nikamkumbusha kwamba wiki iliyopita aliwapa benchi lake la zamani, akalibeba mwenyewe mpaka kibandani. Akasema ndiyo, aliwapa kwa hofu.

Nikapita kwa mwenye duka. Huyu humwekea shangazi maboksi na chupa tupu, mwaka wa kumi sasa, na mkewe alipolazwa shangazi ndiye aliyefua nguo za watoto wao. Leo kamwambia asirudi tena. Nikamuuliza, ina maana humjui yule mama? Akasema, "Nilidhani namjua. Sasa nimesoma."

Nimefika nyumbani, mke wangu kaweka gazeti mezani, hajafungia kiatu. Kaniuliza shangazi amesemaje. Nikamwambia sijamwona. Kasema basi nikamwone. Nikasema kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulazimika kwenda. Shangazi kaja mwenyewe.

Kavaa gauni lake la harusi za watu. Dada wa mapokezi, aliyezoea kumwamkia kila akinitembelea, leo kauvuta mkoba wake kutoka kaunta na kuuweka mapajani. Shangazi kauona mkono ule ukivuta. Nami nimeuona. Nilimwamkia shangazi shikamoo kwa sauti ya juu, kama vile ukelele ungesafisha kitu. Akaitikia marahaba, akanipa barua. Kasema ameambiwa msomaji akisemwa hujibu kwenye ukurasa wa saba, na kwa bahati nzuri anamjua mwenye ukurasa.

Karatasi ya daftari, pande zote mbili. Mtoto, vizibo, mkebe, mwalimu, vyote vimo. Mwishoni kaandika kwamba kibanda kile kimesomesha watoto tisa, na kikiondolewa, kama wasomaji wanavyotaka, waokota chupa hawana pa kufanyia kazi, chupa zikilowa kiwanda hakizichukui. Barua nzuri. Nzuri kuliko zangu zote za miaka tisa.

Nimeipeleka kwa Mhariri. Kaisoma kwa kuruka, kasema haina sauti ya msomaji halisi. Imepangika mno, haina hasira. Kaniambia nimsome Mama Mwenye Hofu nione mama wa kweli anavyoandika. Nilifungua mdomo nimwambie. Kilichotoka ni kikohozi.

Kasema ipunguzwe iwe maneno sitini. Nimepunguza. Itatoka kesho chini ya tangazo la rangi za nyumba, na kichwa cha habari kakichagua yeye: MTUHUMIWA AJITETEA. Jumapili alikuwa shangazi yangu. Ijumaa ni mtuhumiwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nina mpango. Aliyeufunga mlango ndiye mwenye ufunguo! Jumamosi nilimtunga Baba Mwenye Busara, mzazi mwenye watoto wanne, mtu mtulivu. Kaeleza kila kitu polepole, vizibo kwanza. Katoka leo asubuhi.

Wamemrarua. Barua na simu hamsini kabla ya saa kumi. Wanauliza huyo baba katumwa na nani. Wanauliza kama kweli ana watoto. Mmoja kasema anamfahamu, ni mlevi. Mwingine kaapa kwamba Mama Mwenye Hofu ni jirani yake, mwaka wa nne sasa, mwanamke mcheshi, mcha Mungu, ila mguu unamsumbua. Nimemwonea Mama wivu. Mimi sina jirani anayenisifu hivyo.

Basi nikaamua Mama mwenyewe abadili kauli. Nikaandika barua yake ya pili: nimechunguza, nilikosea, naomba radhi kwa wale waokota chupa. Nikampelekea Mhariri. Kaitazama kwa miwani, kisha juu ya miwani, akasema ni ya kughushi. Kuna mjanja anamchafulia Mama jina. Nikabisha. Kaniambia nisimfundishe, mtindo wa Mama anaujua kuliko mimi.

Baraza la mji litakaa keshokutwa kuamua kibanda kiondoke au kibaki. Hakuna diwani aliyewahi kukijua kibanda hicho kabla ya barua yangu.

Jumatano, 12 Machi

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kila diwani na gazeti letu mbele yake, limekunjwa kwenye ile picha. Nilikaa safu ya pili, daftari gotini, Mwenye Tai ubavuni.

Mwalimu wa shule aliomba kusema. Akaambiwa orodha ya wasemaji imefungwa. Shangazi alikuwemo kwenye orodha. Kasimama na mfuko mdogo mkononi. Nilidhani atalia. Hakulia. Kawaamkia wakubwa na wadogo, kasema kwamba hakuja kugombana. Kama kuna mtoto aliyeogopa kulabu yake, basi anaomba radhi kwa mzazi wake, ana kwa ana. Vizibo vingine hivi hapa amevileta. Anamwomba Mama Mwenye Hofu asimame tu, avichukue.

Watu wakageuza shingo kumtafuta Mama. Nami nikageuza yangu. Niliangalia nyuma, kushoto, kulia, mpaka mlangoni, nikimtafuta mtu ninayejua hayupo. Goti langu lilisogea. Naapa lilisogea! Mwenye Tai akaninong'oneza kama nahitaji choo. Nikatikisa kichwa.

Shangazi alisimama pale muda mrefu, mfuko ukiwa umenyooshwa mbele. Hakutazama ukumbi mzima. Alitazama upande wetu.

Mwisho mwenyekiti kasema ni wazi kwamba mama yule anaogopa kujitokeza mbele ya watu wa aina hii, na hilo peke yake ni ushahidi. Makofi! Kibanda kiondoke kabla ya Ijumaa kuisha.

Mzee yule wa barua alisema kweli. Lilikuwa halipo. Sasa linakuja, na linakuja na tingatinga.

Ijumaa, 14 Machi

Halikuchukua nusu saa. Mabati yalianguka kwa kelele, watoto wa shule wakatolewa nje kutazama. Benchi la kinyozi limevunjika katikati. Nimeandika maneno mia tatu, yatatoka kesho ukurasa wa kwanza.

Kisha nikaenda kwa shangazi. Alikuwa anaosha kulabu yake kwenye beseni, anaisugua kama inayohitajika kesho. Kaniambia nikae, kanitilia chai. Nikaanza kusema jinsi magazeti yalivyo, jinsi watu wasivyofikiri, jinsi diwani huyu na yule. Kaniacha nimalize.

Kasema alijua tangu siku ya kwanza. Kisa cha yule mtoto na kulabu alikisimulia mahali pamoja tu, kwenye meza yangu. Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja pale ukumbini. Kasema, "Nilikuwa nakungoja usimame mwenyewe, mwanangu."

Kaniongezea chai.

Nimelia njia nzima ya kurudi, mtu mzima mimi, na daftari mkononi. Nimemwambia mke wangu kila kitu. Kasema alishaotea, maana Mama Mwenye Hofu anakosea kuandika neno "hususani" kama mimi. Nimeapa mbele yake. Jumatatu namwambia Mhariri ukweli wote, meza ya dirishani wachukue. Mama Mwenye Hofu amekufa. Mungu asimlaze popote.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeingia kwa Mhariri saa tatu kamili, maneno yangu nimeyapanga. Nikasema nina jambo. Kasema na yeye analo, tena la haraka, nikae.

Barua zimerudi kuwa mbili. Ukurasa una tundu. Wasomaji wanapiga simu kuuliza Mama yuko wapi, wanamkosa. Sasa kuna wachuuzi wanazidi kujaa kituo cha mabasi, na watu wanataka kujua Mama anasemaje. Akaongeza kwamba Mwenye Tai amejitolea kumtafuta, kama mimi nimechoka.

Mwenye Tai amtafute Mama? Mama yangu?

Ni kweli kwamba shangazi ameanza kuuza soksi kituoni tangu Jumamosi. Hilo nimelifikiria kwa makini sana, na ndiyo tofauti kati ya leo na siku ile. Siku ile nilikurupuka. Leo nimekwenda mwenyewe kituoni mchana, nikasimama mbali, nikapima. Shangazi amekaa upande wa kulia, kivulini, amezitandika soksi zake kwa mistari, hamzuii mtu kupita. Wanaobana njia wako upande wa kushoto.

Basi Mama ameandika kwa upole kabisa, kuhusu usalama wa abiria tu. Hakutaja chuma, hakutaja mtoto. Kasema wazi kwamba analalamikia wachuuzi wa upande wa kushoto wa kituo, wao peke yao. Barua ya haki. Nikimaliza huu mwezi vizuri nitamwambia Mhariri kila kitu.

Ameipokea kwa furaha. Amefuta tu hayo maneno ya upande wa kushoto, kasema msomaji hana habari na pande. Sikubishana. Ni maneno machache, na barua yote iliyobaki ni yangu vilevile.