Chupa ya Bahari

Jumatano, 2 Mei 1951. Kitale.

Ruhusa nimepata. Wiki mbili. Bwana mkubwa amesema karani wa mizani hana kazi mwezi huu, mahindi bado ni majani shambani, niende nikapumzike. Namshukuru Mungu. Hajui naenda wapi. Naenda Mombasa, kisiwani, kuiona bahari.

Wewe kitabu nakuambia ukweli. Ni kwa sababu ya Wekoye. Tangu arudi kutoka Mombasa mwezi wa kwanza, kanisani hatupumui. Mchungaji Kimutai akisoma habari za Bahari ya Shamu, watu wote wanageuka kumtazama Wekoye. Naye anafunga macho, anatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata salamu kutoka kwao. Ati bahari ni ya bluu kama wino wa shule. Ati inakoroma usiku. Fundi wa baiskeli, anayesoma Zaburi kwa kidole!

Tarehe ishirini ni mkutano mkubwa, ndugu wa Bungoma watakuja na kwaya yao. Somo ni Yona. Mhubiri atatajwa asubuhi hiyo hiyo, na kila mtu anajua atatajwa nani. Mimi niko katika kanisa hili miaka kumi na minane. Matofali yake nimeyabeba kichwani. Sijasimama mbele siku ya mkutano mkubwa hata mara moja.

Basi. Wekoye alileta maneno. Mimi Khaemba nitaleta bahari yenyewe, kwa chupa.

Jumapili, 6 Mei.

Nimeaga kanisani, nimewaambia nitarudi na bahari kwa chupa. Wekoye amenivuta kando kwa huruma nyingi. Ati nisijisumbue, mwezi wa tano bahari hufungwa. Nikamwuliza inafungwa na nani. Akasema serikali, kwa sababu ya mvua. Nimeliombea jambo hilo. Naamini Mungu atafungua.

Chupa nimepewa na mpishi wa bwana mkubwa. Ilikuwa ya pombe kali. Nimekwangua karatasi yake yote isije ikanisemea.

Jumatano, 9 Mei. Mombasa.

Nimefika. Mvua. Shemeji yangu Wakhungu, mdogo wake Peris mke wangu, amenipokea stesheni na gunia kichwani. Anafanya kazi bandarini. Amecheka mpaka akashika nguzo. Ati watu wenye akili huja mwezi wa kwanza, sasa hata kunguru wamehama. Nimemjibu kwamba mtu mwenye akili huja wakati hakuna msongamano.

Shida moja sikuifikiria. Wakhungu ana chumba kimoja, huko Majengo, na ana mke. Wilkista. Kwetu Wabukusu mke wa shemeji ni kama mama mkwe. Humtazami, humsemeshi, humpi mkono. Mchungaji husema mambo haya yamepitwa na wakati. Mchungaji ni Mnandi.

Wametundika shuka katikati ya chumba. Yeye upande ule, mimi upande huu. Akipita kwenda nje nageukia ukuta. Nikitaka kushukuru nasema, "Wakhungu, mwambie chai ni tamu." Na sauti nyuma ya shuka inamjibu mumewe, "Baba Robai, mwambie ni tangawizi." Wakhungu anasema ametoka kupakua meli na sasa anapakua maneno.

Jumamosi, 12 Mei.

Mvua, siku ya nne. Bahari bado sijaiona. Naambiwa ipo. Kisiwa kimezungukwa na maji pande zote, na mimi nimezungukwa na shuka. Huu ukuta nimeujua vizuri, una ufa unaofanana na mto Nzoia.

Nimesoma Yona mara sita. Hotuba iko tayari. Mahali pa samaki nitanyamaza kidogo, niinue chupa.

Jumapili, 13 Mei.

Haleluya. Baada ya ibada mvua imekatika. Nimekimbia na kanzu yangu ya kanisani mpaka pale chini ya ngome. Nimeiona.

Si ya bluu. Ina rangi ya chai ya maziwa, ina vijiti na ndala moja. Wekoye ametudanganya kuhusu rangi, au labda mvua imeichafua. Lakini ni kubwa. Nimesimama na nimesahau hotuba. Nilikuwa nimepanga kusema maneno ya Musa, nikajikuta nasema "Shikamoo."

Nimeteleza kwa mwamba nikijaza, kiatu cha kushoto kimekwenda. Chupa imejaa. Nimeonja: chumvi kweli kweli. Halafu mvua ikarudi. Siku tano kisiwani, bahari dakika kumi. Zinatosha.

Jumanne, 15 Mei. Ndani ya gari la moshi, Voi.

Ee Bwana.

Wilkista ni mama mwema, sina neno juu yake. Asubuhi amenifungia chakula cha njia, mihogo na mayai, akaweka mlangoni na chupa yangu imevikwa kitambaa. Nimeushukuru ukuta, yeye asikie. Hapa Voi nikasema nifungue ninuse bahari kidogo, moyo utulie.

Tangawizi.

Ameona chupa ya mgeni ina maji machafu. Ameyamwaga, akaiosha, akanitilia chai. Angeniuliza, lakini haniulizi. Ningemwambia, lakini simsemeshi. Na Wakhungu tangu alfajiri alikuwa bandarini.

Nimeinywa yote. Ni chai nzuri sana. Mama mmoja wa dini, kiti cha mbele, ametazama ile chupa, akahamisha watoto wake.

Ijumaa, 18 Mei. Kitale.

Nimefika nyumbani na kiatu kimoja. Habari zimenitangulia: Khaemba ameleta bahari. Mchungaji amekuja mwenyewe kuniamkia. Amesema mtu aliyekwenda na mvua hii kwa ajili ya Neno, huyo kanisa litamfikiria. Ametazama mfuko wangu kwa heshima. Nimeukumbatia kama mtoto.

Nimewaza hivi. Bahari niliiona, huo ni ukweli. Niliichota, ukweli. Kilichopotea ni maji tu. Hata Bwana wetu aligeuza maji.

Jumamosi, 19 Mei.

Chumvi ya duka imekwisha na barabara ni matope mpaka magoti. Lakini jikoni kwa Peris kuna chungu cha munyu, ile chumvi yetu ya majivu ya kupikia mboga. Chumvi ni chumvi. Peris alipokwenda kuteka maji nimechanganya, nikaonja, nikaongeza. Rangi ni ile ile ya Mombasa, ya chai. Huu ni mkono wa Mungu.

Jumapili, 20 Mei.

Nitaandika haraka kabla moyo haujabadilika.

Kanisa limejaa. Kabla mhubiri hajatajwa nimeinua chupa. Watu wamesema aaah, na kwaya ya Bungoma imesimama kuona. Mchungaji akasema kwa haki tumwite anayeijua, Wekoye aonje kwanza. Wekoye akaonja, akafunga macho. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Hii ladha sijaisahau."

Hapo nikajua. Wekoye hajawahi kuiona bahari! Furaha iliyonipata, na siwezi kumwambia mtu.

Halafu Mama Nakhungu, mjane mzee anayetupikia kwenye mikutano, akaomba tone. Akalizungusha mdomoni. Akaomba lingine.

"Mwanangu," akasema, "huu ni munyu. Wa maganda ya maharagwe. Na ni wa Peris, yeye huchoma na maganda ya ndizi. Kama hii ndiyo bahari, mimi nimeipikia mboga miaka arobaini."

Wanawake wote walitaka kuonja. Wote walisema ni wa Peris. Peris alijifunika leso mpaka mwisho wa ibada.

Nikasema mimi nilifika kweli, kiatu changu kiko huko. Walicheka zaidi. Wekoye akasema hata yeye alifika, mwezi wa kwanza. Na kutoka kwa kwaya, shemeji yake Wekoye akauliza, ati mwezi wa kwanza gani huo? "Si ulikuwa kwetu Bungoma, bana, unatukandikia jiko?"

Mchungaji alitutazama sisi wawili. Kisha akampa Mama Nakhungu somo. Mama akasema samaki mkubwa hamjui, lakini mtu anayetumwa huku akakimbilia kule anamjua, amezaa wanaume saba. Watu walilia. Hata mimi, kidogo.

Jumatatu, 21 Mei.

Mboga ya leo haina chumvi yoyote. Peris ametundika shuka katikati ya chumba.

Lakini moyo wangu ni mtulivu. Mchungaji ametaja somo la mkutano wa mwaka ujao: Musa mlimani, na zile mbao mbili za mawe. Wekoye ameshaanza kusema ati alipokuwa kijana alipanda Mlima Elgon mpaka juu kabisa. Atasema tu. Mimi nitaleta jiwe la kileleni. Nimezungumza na Kiplagat, mlinzi wa stoo ya bwana mkubwa, kwao ni huko. Amesema ni mwendo wa siku tatu, baridi kali, na wakati wa mvua haupandiki.

Nimefikiri sana. Nyuma ya stoo kuna mawe mazuri. Jiwe ni jiwe, na jiwe haliwezi kuonjwa.