Kilo Moja ya Korosho Zilizooga

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeitwa kwenye usaili! Kazi ya mnunuzi wa korosho, kampuni moja ya Masasi. Ni Alhamisi. Kila mwombaji aje na kilo moja ya korosho ghafi ambazo yeye mwenyewe angezinunua. Na jirani yangu Nathanaeli naye ameitwa. Huyu hata shati la kuchomekea hana.

Mke wangu Regina amesema nikikosa, mwezi wa tano tunahamia kijijini Chilangala nikapulizie dawa ya salfa mikorosho ya baba yake. Mkwe wangu husimamia kazi akiwa nyuma ya kisogo chako. Siendi ng'o.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemchungulia Nathanaeli akichagua korosho zake uani. Zina vumbi jekundu la shambani! Zangu nitaziosha. Mnunuzi hutazama kwanza.

Shida ni maji. Mabomba ya hapa Newala yamekauka tangu wiki iliyopita. Ipo ndoo ya Regina, ya kunywa, kainunua kwa muuza maji wa baiskeli. Nimengoja aende kwaya. Nimesugua kwa sabuni. Zinang'aa!

Regina amerudi ana kiu. Ameuliza maji yako wapi. Nimemjibu yamekwenda kwenye maendeleo. Amekwenda kulala kwa dada yake.

Jumatano, 6 Novemba

Ukungu tangu asubuhi. Jua hakuna, korosho mbichi. Nimezikausha juu ya jiko la mkaa. Zikanuka moshi. Nimezipulizia manukato ya Regina na kuzifunga kwenye mfuko wa nailoni, harufu isitoke.

Nathanaeli ameniuliza nimeziosha za nini, maji ni adui wa korosho, hata mtoto wa hapa anajua. Nimemwambia ashughulike na vumbi lake. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Novemba

Masasi. Meneja ni Bi Zabibu, mdogo kwangu kwa umri. Kaniamkia shikamoo! Nikaitikia marahaba kwa sauti nzito. Moyoni nikajua kazi nimepata. Nani amnyime kazi mtu aliyemwamkia?

Akauliza nitafanya nini bei ikishuka nikiwa nimeshanunua. Nikasema nitaikataa. Akauliza nitakataa nini. Nikasema bei. Mwanamume hayumbishwi.

Kisha akazikata korosho zangu kwa kisu. Ya kwanza imelowa ndani. Ya pili ina madoa meusi. Ya tatu aliinusa, akasogeza kiti nyuma. Akauliza kama kweli ningezinunua kwa fedha yangu. Nikasema ndiyo, tena kwa fahari. Za Nathanaeli, pamoja na vumbi lake lote, zilikuwa nyeupe pe ndani.

Jumamosi, 9 Novemba

Nathanaeli amepata kazi. Amekuja kunipa pole. Sikuipokea. Kampuni isiyojali usafi haitafika mbali.

Regina amerudi. Amenusa chupa yake ya manukato, amefungia ndoo yake mpya ya maji kabatini kwa kufuli, kisha amempigia baba yake. Mzee amesema bomba la kupulizia lipo, linanisubiri. Nimeumia, siandiki zaidi.

Jumatatu, 11 Novemba

Tangazo jipya sokoni! Anatakiwa mnunuzi wa ufuta, aje na sampuli. Chilangala watangoja sana.

Nimekwenda kwa Nathanaeli kuomba ndoo ya maji. Kanipa, kaniuliza ni ya nini. Nimemwambia ya kunywa. Kosa langu la korosho nimeshalijua, ni sabuni. Ufuta nitauosha kwa maji matupu.